The Hobbit: kitabu ninachokifaidi zaidi kwa kuwa mwisho wake naujua

Tahadhari kwanza: humu nimefichua karibu kila kitu. Kama hujakisoma, kasome kisha urudi.

The Hobbit, kitabu cha watoto cha J.R.R. Tolkien, ukikisoma mara ya kwanza unakwenda mbio, huna namna. Unataka kujua Bilbo, yule hobiti (kiumbe kama mtu mfupi) anayesafiri na vibeti kwenda kurudisha hazina yao iliyoporwa na joka Smaug, atatokaje pangoni na joka litakufaje. Mimi nimeanza kukisoma nikiwa mdogo na hadi leo nakirudia, na raha yake imezidi tangu ile haraka iniishe.

Chukua yule ndege. Elrond, mwenyeji wao njiani, anaiinua ramani ya mlima wa joka kwenye mwanga wa mwezi, yanajitokeza maandishi ya siri yanayotaja jiwe la kijivu na ndege atakayegonga. Msomaji mgeni anapita hapo bila kusimama. Sura kadhaa mbele, wasafiri wamekata tamaa mlimani, ndege mweusi mwenye madoadoa kifuani anamgongagonga konokono kwenye jiwe, na jua linapozama tundu la ufunguo linaonekana ukutani. Unadhani kazi yake imeishia hapo. Kumbe bado yupo, ametega sikio wakati Bilbo anawasimulia wenzake kwamba Smaug ana mahali pasipo na ulinzi kifuani, upande wa kushoto. Bilbo anakereka naye hadi anamtupia jiwe! Ndege huyohuyo ndiye anayempelekea habari Bard, mpiga mishale wa mji wa ziwani, na mshale mweusi unajua pa kupita. Shujaa wetu yuko mlimani, hana habari. Mwandishi wa watoto anayemnyima mhusika wake mkuu nafasi ya kuua joka ana ujasiri wa aina yake.

Sura ya tano, ile ya vitendawili gizani, huwa naisoma hata peke yake. Zamani nilishughulika na majibu tu. Siku hizi nasubiri kinachofuata: Bilbo haonekani kwa nguvu ya pete ya Gollum aliyoiokota, ana upanga, na Gollum, kiumbe wa pangoni aliyeshindana naye kwa vitendawili, amechutama njiani amemzibia pa kutokea. Angeweza kummaliza. Anamwonea huruma, anamruka kwa juu na kukimbia. Ni mistari michache tu. Na katika toleo la kwanza, la 1937, haikuwepo kabisa: Gollum wa mwanzo alikuwa tayari kuitoa pete iwe zawadi, na alipoikosa akaomba radhi na kumwonyesha mgeni njia. J.R.R. Tolkien aliiandika upya sura hiyo, ikatoka katika toleo la 1951, ili ipatane na The Lord of the Rings, mwendelezo wa hadithi hii aliokuwa akiuandika. Sasa fungua sura inayofuata umwone Bilbo akisimulia alivyotoroka huku pete akiiruka, na Gandalf, mchawi aliye nao safarini, akimkodolea jicho chini ya nyusi zake nene.

Halafu kuna suala la mkataba. Bilbo aliajiriwa awe mwizi, kwa malipo ya fungu moja la kumi na nne la faida, kama itapatikana. Wizi wake mkubwa kuliko wote anaishia kumfanyia mwajiri wake mwenyewe, Thorin, kiongozi wa vibeti: anakificha kito cha Arkenstone, kisha anawakabidhi wapinzani wa Thorin ili vita visitokee. Hoja yake ni kwamba hilo ndilo fungu lake. Je, ni usaliti? Kila nikisoma najibu tofauti.

Kasoro zipo. Vibeti ni 13, na ukiwatoa Thorin, Balin na yule mnene Bombur, wengine bado wananichanganya. Wanawake ni kama hawamo. Sauti ya msimulizi, inayokatiza hadithi ili kuzungumza na watoto, huwakera baadhi ya watu wazima. Kisome kwa sauti, kero inapungua sana, na hata nyimbo unazozoea kuziruka zinapata uhai.

Ukinunua, tafuta nakala yenye ramani ya Thror (ile aliyoiinua Elrond) iliyochapwa vizuri. Zile runi, herufi za kale zilizo kwenye ramani, si urembo, ni maneno kamili ya Kiingereza, na mtoto mwenye subira anaweza kuyafumbua herufi kwa herufi.