Gia ya meno 24: huduma ya kuchorewa na kukatiwa gia, Kizota, Dodoma

Mashine yangu ya kukamulia alizeti hapa Kibaigwa iling'oka meno matatu ya gia mwezi wa saba, msimu umeshika kasi, magunia ya watu yamejaa mpaka barazani. Gia ya mashine ile huipati dukani.

Kwanza niliipeleka karakana moja ya mjini. Kijana akaipiga picha kwa simu, akafuatisha mistari kwenye kompyuta, akakata. Ilikuja inang'aa. Ikafanya kazi siku nne ikisaga kama inatafuna changarawe, siku ya tano ikaanza kula pinioni, ile gia ndogo inayokutana nayo. Ile gia niliyompa ilikuwa imechakaa, na kijana alinakili hata uchakavu wake.

Ndipo nikaelekezwa Kizota. Nikashuka stendi ya Nanenane, nikachukua bajaji, gia na pinioni ndani ya kiroba. Mchoraji wao ni binti mdogo tu. Nilipotoa simu nimwoneshe picha, akasema, "Hapana baba, naomba chuma chenyewe."

Akahesabu meno, 24. Akashika vernia, kile kipimo cha taya, akapima ncha ya jino mpaka ncha ya jino la upande wa pili, mahali ambapo hapajaliwa, akapata milimita 104. Akagawa kwa 26, yaani idadi ya meno ukiongeza mawili, ikatoka 4. Hiyo wanaiita moduli, kipimo cha ukubwa wa jino. Gia ya zamani akaiweka chini, akachora mpya kwa hesabu: duara la kukutania meno milimita 96, kwenye mashina ya meno 86, pembe ya ubavu wa jino digrii 20. Pembe hakubahatisha. Alichapa mchoro wa meno ya pinioni kwa ukubwa halisi, akailaza pinioni yangu juu ya karatasi, tukainama wote wawili kutazama ubavu wa jino ambalo halijaliwa. Mstari ulifichika wote.

Nilidhani kazi imeisha. Akakuza jino moja likajaa kioo kizima, nikaona ule ubavu umeundwa na vistari vifupi vifupi. Akaniambia mashine ya plazima, ile inayokata chuma kwa moto, ikifuata vistari vile inasitasita, na kila inaposita moto unaacha kovu. Akavifuta vyote, akaweka tao mbili zilizoungana vizuri. Akakuta pia mstari umelala juu ya mwenzake, ambao ungefanya moto upite mara mbili palepale, akauondoa. Halafu akakata kipande chakavu na kupima upana wa ufa unaoachwa na moto wa plazima: milimita moja na nusu. Nusu ya hiyo akaisogeza nje kwenye meno, na ndani kwenye tundu la shafti. Tundu lenyewe aliliacha milimita 28 makusudi, kwa kuwa plazima huacha ukuta wenye mteremko. Fundi wa kukereza akalimalizia 30, kisha ukachongwa mfereji wa milimita 8 wa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga gia kwenye shafti.

Ninayo malalamiko. Mchoro unalipiwa peke yake, shilingi 40,000, na bei hiyo niliisikia kazi ikiwa imeshaanza. Mteja anayetoka mbali aambiwe mlangoni. Na niliahidiwa siku moja, nikalala mjini siku tatu. Pleti za milimita 10 zilikuwa zimeisha, na gia yangu inahitaji mbili zilizochomelewa pamoja. Kuhusu ulaini wa chuma siwalaumu, binti alinieleza kabla ya kukata kwamba pleti ya kawaida italika mapema kuliko gia ya kiwandani, nisiache kupaka grisi.

Leo ni wiki ya tano. Mashine inakamua kutwa, na nikisimama karibu na mkanda nasikia mashudu yanavyodondoka kwenye ndoo, jambo ambalo kwa ile gia ya kwanza lisingewezekana. Faili la mchoro walinipa kwenye flashi bila kuongeza hata shilingi. Nimelifunga ndani ya mfuko wa plastiki, liko kwenye kopo la spana, na wiki ijayo naenda kukata pinioni.