Steshenari ya Majengo: kopi mia, na faili lako linafutwa ukiona

Mimi ni karani wa hesabu kwenye ofisi ndogo ya ukandarasi Area C, hapa Dodoma. Printa yetu ni ya kubembeleza, leo inachapa, kesho inatafuna karatasi. Ndiyo maana zaidi ya mwaka sasa nakimbilia kijisteshenari kimoja jirani na Soko la Majengo. Kopi 100, kuchapa 300, kuskani 500. Bei hizo utazipata kokote mjini, mimi kinachonirudisha ni kijana mwenyewe.

Ukimtumia faili WhatsApp, anachapa, anafuta, halafu anakugeuzia kioo uone kwamba limefutwa. Juzi mama mmoja alileta hati ya kiwanja na kitambulisho cha NIDA. "Mwanangu, iache tu humo, kesho nakuja kutoa nyingine." Kijana akagoma: "Hapana mama, kesho nitumie upya. Kiti hiki wanakaa watu wengi." Mama akacheka, "Haya baba, futa."

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Sijaona popote inavyotekelezwa kama kwenye benchi lile. Kwetu ofisini paswedi ya barua pepe imebandikwa chini ya kibodi, jina la kampuni na 123 mbele. Kuna jamaa aliacha kazi tangu mwaka juzi na bado anaweza kuingia. Nikamwambia bosi, akaniuliza namwogopa nani Dodoma hii.

Sasa lawama. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka kompyuta yenye TPM 2.0 (kijichipu cha usalama) na prosesa za miaka ya karibuni, na mashine nne za kijana ni za mtumba. Zinaandika vizuri, zinachapa vizuri, ila huko mbali zimeshaamuliwa kuwa ni kuukuu. Angeweza kuendelea hivyo hivyo bila masasisho, kama tunavyofanya sisi. Yeye tatu akaziwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ya nne akaiacha na Windows yake lakini akaichomoa intaneti, ni ya mafaili korofi tu. Nampongeza, lakini ankara yangu iliumia: jedwali la Word lilipofunguliwa kwenye hizo za Linux, safu ya VAT ikahamia ukurasa wa pili, nami nikalipa mara mbili kwa kutokagua. Nendeni na PDF.

X (zamani Twitter) ilipozuiwa nchini Mei 2025, vijana walimiminika pale wakitaka awawekee VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Akakataa. Kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walishatangaza mwaka 2023 kwamba wanaotumia VPN wajitambulishe, hataki duka lake lifungwe. Pili, anasema, VPN ya bure yote unayofungua yanapitia kwa mwenye nayo, na huyo mwenye nayo naye anakula kitu. Mimi kuzuiwa kwa X sijakupenda hata kidogo, nilikuwa nafuatilia bei za nondo na matangazo ya zabuni humo. Lakini kwenye kompyuta ambayo mimi nafungulia barua pepe za ofisi, kijana yuko sahihi.

Halafu ikaja Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima hadi Novemba 3. Nukuu ya bei ya mteja ilikuwa kwenye barua pepe, sikuweza kuishusha. Bando langu la wiki likaisha muda wake bila kuguswa, na hakuna aliyenirudishia hata shilingi. Kumzimia kila mtu kwa sababu ya wachache ni sawa na kufunga soko zima kwa kumtafuta mwizi wa nyanya. Ilivyorudi, kesho yake foleni pale steshenari ilifika barabarani. Saa mbili nimesimama juani. Kijana, pamoja na msongamano wote ule, bado anageuza kioo kwa kila mteja, na nyuma watu wanamzomea, "Bosi, futa baadaye!" Hakusikia.

Kwa anayetaka kwenda: fika kabla ya saa nne, wanachuo hawajajaa. Choo hakuna. Feni ni moja, nayo imeelekezwa kwenye kompyuta.