Jahazi kuukuu: uanze kwa mafundi au kwa nyaraka?

Umenunua jahazi la zamani na unataka kujua lilikotoka. Wengine watakwambia nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Wengine, nenda Matondoni, Lamu, kwa wazee wanaounda vyombo.

Kwa gharama, nyaraka hula nauli na siku nyingi za kupekua majalada. Fundi humtafuti mbali ukiwa pwani, ila chombo kipandishwe ufukweni akione. Hapo ndipo penye utamu: hutazama omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kwanza, kwani jahazi la Lamu huwa na omo iliyosimama wima, la Unguja imelala mbele. Kisha huingia ndani, akagonga mataruma (mbavu za chombo), akakuonyesha ubao uliobadilishwa. Karatasi haikwambii hayo.

Kwa tarehe na majina ya wamiliki, naamini karatasi kuliko kumbukumbu. Miaka ya mzee huchanganyika. Lakini bila jina la chombo, utapekua nini?

Kama una hati au namba ya usajili, hasa ya kabla ya uhuru wa Zanzibar wa 1963, anza Kilimani. Kama ulinunua kwa maneno matupu, mtafute fundi kabla hujapaka rangi wala kung'oa msumari.