Kuanza Kiebrania: ulpan au programu ya simu?

Ulpan ni darasa la kina la Kiebrania nchini Israeli. Ya kwanza, Ulpan Etzion, ilifunguliwa Jerusalem mwaka 1949 kwa ajili ya wahamiaji. Mwalimu hufundisha Kiebrania kwa Kiebrania tangu siku ya kwanza, kwa kawaida siku 5 kwa wiki, karibu miezi 5. Unalazimika kufungua mdomo, na hapo ndipo lugha inapojengeka.

Programu ya simu ni nafuu na haikuharakishi. Inapopwaya ni kwenye kusoma. Herufi 22 za Kiebrania kimsingi ni konsonanti. Irabu huonyeshwa kwa alama ndogo ambazo magazeti hayaziweki. Ukikuta ספר, yaweza kuwa sefer, kitabu, au sapar, kinyozi. Mwalimu atakueleza sababu papo hapo. Simu mara nyingi itakwambia tu umekosea. (Aliyepita madrasa ana nafuu: amezoea kusoma kutoka kulia.)

Nakushauri ulpan, hata ya mtandaoni. Simu itumie kabla ya darasa kukariri herufi, zikiwemo zile 5 zinazobadilika umbo mwishoni mwa neno.