Nimemaliza A Single Shard, na bado nimekasirikia sura za mwisho

Nina miaka 12, nipo darasa la sita, na ninaishi na bibi hapa Mbeya tangu mama alipofariki. Nimeanza na hilo kwa sababu wakubwa wakinipa kitabu chenye yatima huniangalia usoni waone kama nitalia. Shangazi alipoleta A Single Shard cha Linda Sue Park, nilimuuliza kwanza: huyu mtoto mwishoni anatokewa na mjomba tajiri? Akasema hajui, nisome mwenyewe. Basi nawaambia: hatokewi na mjomba yeyote. Hapo ndipo nilipoanza kukipenda.

Hadithi inatokea Korea, karne ya 12, katika kijiji cha wafinyanzi kinachoitwa Ch'ulp'o. Mvulana anaitwa Tree-ear, jina la uyoga unaoota kwenye gogo bila mbegu ya mzazi. Analala chini ya daraja na mzee mwenye mguu mbovu, Crane-man, na wanakula mabaki yanayotupwa jalalani. Watu wengine husalimiana kwa kuulizana kama wamekula vizuri. Hawa wawili huulizana kama wameshinda na njaa vizuri, halafu wanacheka. Bibi alipenda sana salamu hiyo.

Wazazi wa Tree-ear walikufa kwa homa. Mtawa alimleta kijijini akiwa mdogo sana, nyumba ya mjomba ikakutwa tupu, akaachwa kwa Crane-man kwa muda. Mtawa aliporudi kumchukua, mtoto aling'ang'ania mguu wa mzee akakataa kwenda. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Mimi pia nilishika nguo ya bibi hivyohivyo, na sijawahi kuona mtu ameliandika jambo hilo bila kuweka machozi mengi.

Lakini sehemu inayonipa sababu ya kukisifu kitabu hiki ni bakuli. Tree-ear anavunja chombo cha mfinyanzi mkali, Min, analipa kwa kufanya kazi siku tisa, kisha anaomba aendelee. Malipo ni chakula cha mchana tu. Anakula nusu na kumfichia mzee nusu. Siku moja anarudi kuchukua bakuli alikolificha, analikuta limejaa tena. Mke wa Min amelijaza na hajasema neno. Jirani yetu mmoja hufanya hivyo: ananiita nimsaidie kuchambua mchele, nikiondoka ananifungia kidogo, anasema ni malipo ya mkono wangu. Ukipewa hivyo unatembea umeinua kichwa. Mwandishi anaijua tofauti hiyo.

Nimependa pia udongo. Tree-ear anauchota kando ya mto, anauchuja kwenye maji tena na tena, anausugua kwa vidole mpaka anapoanza kuhisi mwenyewe kwamba sasa umelainika. Bibi anatoka Kyela, na sokoni Matema nimewaona akina mama wa Kikisi na vyungu vyao, kwa hiyo nilishangaa kusoma kwamba kule ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanaume, baba kwa mwana. Min hataki kumfundisha Tree-ear kufinyanga kwenye gurudumu kwa kuwa si mwanawe. Hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje nikachote maji kwanza.

Nina lawama mbili. Ya kwanza: mke wa Min hana jina lake mwenyewe kitabu kizima. Tree-ear anaruhusiwa kumwita Ajima, yaani kama shangazi, basi. Huku kwetu mwanamke huitwa Mama Fulani, lakini yeye mwanawe alishakufa, kwa hiyo hata hilo hana. Mtu mwema kuliko wote kijijini alistahili jina.

Lawama ya pili inafichua mwisho, kwa hiyo kama hujasoma ruka aya hii. Tree-ear anatumwa kwa miguu mpaka Songdo, kwenye makao ya mfalme, akiwa na mitungi miwili ya Min. Njiani wanyang'anyi wanaitupa kutoka juu ya jabali. Inabaki vipande tu, na anachukua kigae kimoja kikubwa akaendelea na safari. Kwa kigae hicho Min anapata kazi ya kumfinyangia mfalme. Anarudi mbio na habari, na Crane-man ameshakufa, mkononi ameshika kinyani kidogo cha udongo alichokifinyanga Tree-ear. Najua watu hufa bila kungoja. Hata hivyo, mwandishi angempa mzee jioni moja tu chini ya daraja, asikie habari za kigae. Jioni moja isingeharibu kitu.

Mwisho kabisa kuna mtungi wenye korongo wengi wanaoruka. Mtungi huo ni wa kweli, uko Seoul, na aliyeutengeneza hajulikani mpaka leo.

Kitabu kilitoka mwaka 2001 na mwaka uliofuata kikapata Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani. Ni cha Kiingereza, chembamba, sentensi zake fupi. Nilitumia kamusi zaidi kwenye mambo ya ufinyanzi, na nilikimaliza kwa wiki mbili. Wa chini ya darasa la tano asomewe na mkubwa.

Mimi nilimsomea bibi jioni, nikigeuza kwa Kiswahili. Tulipofika kwa wanyang'anyi alinikatiza: mtoto alifungasha mitungi kwa kitu gani? Nikamwambia majani makavu ya mpunga, yamesukwa na yule mzee. Akasema, "Basi alifungasha vizuri, si kosa lake." Jana ameniomba nirudie pale pa bakuli.