TAHADHARI: Oili ya breki feki Tanga mjini, msipande nayo Lushoto!

Wenye Land Rover Series (zile za zamani, kabla ya Defender) mnaotengeneza magari kwa ajili ya msafara wa kupanda Lushoto, someni hapa kabla hamjaingia duka la spea la yule bwana wa Ngamiani. Mnamjua. Ni mwizi!

Anavyoiba ni hivi. Hujamaliza hata salamu, anakuuliza: "Ni 88 au 109, bosi?" Anakutajia mwenyewe kuwa 88 (fupi) ina ngoma za breki za inchi 10 na 109 (ndefu) inchi 11, raba zake za kuzuia oili haziingiliani. Nani asingemwamini? Maduka mengine ukitaja Series III unaletewa spea za Defender. Kisha anatoa chupa ya DOT 4, oili ya breki, rafu ya mbele, anakata mhuri ukiona, anamimina kidogo kwenye kisoda na kudondoshea maji. Yanachanganyika kabisa, ndivyo oili halisi ya breki ilivyo. "Hii ya sampuli, ngoja nikupe mpya." Anainama chini ya kaunta. Hapo ndipo watu wanapoibiwa, mchana kweupe, tena wanashukuru na kulipa! Chupa ya chini imejazwa oili ya mashine.

Oili ya mashine haipatani na raba za breki. Zinavimba. Ya kwenye masta (pampu kuu inayosukumwa na pedali) ikivimba inaziba kitundu cha kurudishia oili kwenye kopo, breki zinabaki zimeshika gari likipanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 na unapanda karibu mita 1,000. Ngoma zitaungua kabla ya kuteremka. Hatari kubwa ni kurudi, kona za chini ya Soni. Series za zamani zina njia moja tu ya oili: raba ya gurudumu moja ikiachia, pedali inagonga sakafu, breki zote nne hakuna. Huku upande mmoja ni korongo. Huyu hauzi spea, anauza vifo!

Aliyekwisha kuitia asidhani kubadilisha oili kunatosha. Toa raba zote, za masta na za magurudumu, pamoja na mipira ya breki (paipu laini za oili). Mabomba yaoshwe kwa spiriti, kamwe si petroli wala mafuta ya taa. Jaza DOT 4 mpya, toa upepo ukianzia gurudumu la mbali na masta.

Dalili: pete ya kifuniko ina gundi, oili inateleza kama ya injini. Jaribio la maji lifanye wewe, kwa chupa unayoondoka nayo. Maji yakikaa chini peke yake, rudisha.

Na asisamehewe. Watu wananyamaza kwa aibu, naye anaendelea kuuza. Tunzeni chupa na risiti ya EFD, tupeleke polisi na Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao. Duka lifungwe, mzigo uteketezwe, na yeye asimame mahakamani!