Ormond au Roger Boyle, nani alikua na msimamo?
Wote walikua mabwana wakubwa wa Kiprotestanti kule Ireland, ila vita ya mfalme wa Uingereza na Bunge lake, miaka ya 1640, ndo ilionyesha tofauti. James Butler wa Ormond, kazaliwa 1610, aling'ang'ana na mfalme, akapigwa kwenye vita ya Rathmines, karibu na Dublin, Agosti 1649, mwaka uliofuata akaondoka na akaishi uhamishoni na Charles II, mtoto wa mfalme, karibu miaka kumi, hela hamna kabisa. Mi hapo ndo namkubali. Boyle naye mwaka huohuo 1649 akaenda kwa Cromwell, jemadari wa Bunge, akampigania Munster, kusini mwa Ireland, 1655 akapewa kuongoza baraza la Scotland. Kichwa alikua nacho, hata tamthilia aliandika. Charles II karudi kama mfalme 1660 na wote wakapanda vyeo, Boyle akawa Earl wa Orrery, Ormond akawa Duke 1661 halafu akarudishwa kutawala Ireland.